Kizuri Chajiuza? Tafakuri juu ya Ulimi wa Muuza Ala

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imezoeleka mno vinywani mwa watu wa pwani, hata ni nadra mtu kuisimamisha na kuihoji. Lakini iko kazi moja ambayo msingi wake wote ni kuikana, nayo ni kazi ya muuzaji wa dukani. Lau kila kizuri kingejiuza, mwenye duka asingekuwa na haja ya kumlipa mtu asimame mbele ya bidhaa na kuisemea, wala asingewaita waombaji mmoja baada ya mmoja ili waoneshe namna watakavyoisemea. Usaili wa kazi ya kuuza, basi, ni mahali ambapo methali hiyo inatiwa mizanini. Na mizani huwa nyeti zaidi katika duka la muziki, kwani hapo kinachouzwa ni kitu ambacho muuzaji mwenyewe aghalabu anakipenda.

Yafaa kukiri kwanza kwamba methali ina ukweli wake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za His Master's Voice, nyimbo zake ziliwaendea watu wanaoijua lugha yake na wanaoyatambua mambo aliyoyaimba. Santuri ya namna hiyo ikipigwa, msikilizaji anacho kila anachohitaji ili ahukumu: masikio yake na Kiswahili chake. Muuzaji habakiwi na kazi ila kupokea fedha. Ala ya muziki ni jambo jingine. Anayenunua gitaa au udi kwa mara ya kwanza hawezi kuusikia uzuri wake, kwa kuwa sauti ya ala imo katika mikono ambayo mnunuzi huyo bado hajawa nayo. Hana budi kuazima sikio la mtu mwingine. Na aliye karibu naye, akiwa na gitaa mkononi na tabasamu usoni, ni muuzaji.

Ndiyo maana usaili wa kazi hii si jambo dogo. Nchini Marekani, ambako maduka ya muziki yamekuwa makubwa kuliko kwingi duniani, zimekuwako njia mbili za kumchagua muuzaji. Njia ya kwanza ilifuatwa na Russ Solomon, aliyeanzisha Tower Records huko Sacramento, California, mwaka 1960. Alijulikana kwa kuajiri vijana walioupenda muziki, bila kuwabana kwa mavazi wala nywele. Dave Grohl, aliyekuja kuwa mpiga ngoma wa Nirvana, alipata kuwa mmoja wao, naye amesimulia katika filamu ya mwaka 2015 juu ya maduka hayo kwamba hapo ndipo mahali pekee palipomkubali na nywele zake. Huko mapenzi ya muziki yalitosha kuwa cheti.

Njia ya pili ni ya maduka makubwa ya ala, ambamo kwa miaka mingi muuzaji amezoea kulipwa kamisheni, yaani fungu la kile alichokiuza. Huko usaili una sura yake. Mwombaji huulizwa anapiga ala gani na kwa muda gani, nasi msaili hana sababu ya kutomwamini, kwa kuwa gitaa liko ukutani na jibu laweza kusikika papo hapo. Kisha huulizwa kama atakuwa tayari kufanya kazi jioni na mwisho wa wiki. Halafu huja jaribio lenyewe. Msaili huchukua kitu kilicho karibu, kalamu au gitaa, na kusema: niuzie hiki. Au humpa kisa: mteja amekuja kununua nyuzi tu, utafanya nini ili asitoke na nyuzi tu? Hapo mwombaji hutarajiwa kuutaja mkanda, mfuko wa kubebea, kifaa cha kulinganishia sauti, na juu ya yote malipo ya ziada ya kukikinga chombo kisiharibike.

Mtu aliyelala na gitaa lake tangu utotoni hufika hapo akidhani kwamba atapimwa kwa vidole vyake, kumbe anapimwa kwa ulimi. Aliyeuza viatu kwa miaka mitatu, asiyejua kulinganisha nyuzi, huenda akajibu vizuri zaidi. Mpenzi wa muziki hutoka na uchungu, akiona kwamba kile alichokithamini hakikuulizwa ila kwa kupita. Uchungu huo unaeleweka, lakini haulimalizi swali. Kujua kupiga hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu. Bingwa wa gitaa anaweza kumdanganya mgeni wa gitaa kwa ufundi ambao muuza viatu hana, kwa sababu anajua hasa ni wapi sikio la mgeni limeziba.

Swali lenyewe ni la kale kuliko gitaa. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero aliandika kitabu juu ya wajibu, na ndani yake akaweka kisa cha mfanyabiashara mwema aliyetia nanga katika kisiwa cha Rhodes na shehena ya nafaka kutoka Alexandria. Kisiwani pana njaa na bei ni ya juu. Mfanyabiashara anajua, kwa kuwa ameziona njiani, kwamba merikebu nyingine zenye nafaka zinakuja nyuma yake. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Wanafalsafa wawili walihitilafiana. Diogenes wa Babeli alishika kwamba muuzaji hulazimika kutaja kasoro zile tu ambazo sheria inamtaka azitaje. Zaidi ya hapo, kunyamaza si kudanganya. Mwanafunzi wake Antipater alishika kwamba binadamu ni ndugu, na kwamba manufaa ya wote ni manufaa ya kila mmoja, kwa hiyo muuzaji hana haki ya kumficha mnunuzi anachokijua. Cicero aliegemea upande wa mwanafunzi.

Msomaji wa visiwani, ambaye mababu zake waliishi kwa kuzitazama jahazi zikiingia na pepo za msimu, hahitaji kufafanuliwa uzito wa kisa hiki. Nacho kinarudi dukani kila Jumamosi. Mzazi ameingia na mtoto wa miaka kumi. Gitaa la dola 200 lamtosha mtoto huyo kwa miaka mitatu. La dola 600 ndilo lenye kamisheni nono. Mzazi anauliza: lipi bora? Muuzaji akisema kwamba la 600 ndilo bora, hakusema uongo. Amenyamazia tu merikebu alizoziona njiani.

Katika usaili, mwombaji huwa katika kisa hicho mara mbili. Kwanza ni mfanyabiashara wa Rhodes kwa mteja wa kubuni anayewekwa mbele yake. Pili, yeye mwenyewe ndiye shehena. Anajua kasoro zake, anajua kwamba haipendi kazi ya kuuza kama anavyodai, na anajua kwamba kodi ya nyumba inamngoja. Akinyamaza, anamtendea msaili vilevile anavyofundishwa kumtendea mteja. Mwenye duka anayemsifu kwa umahiri huo asishangae kuukuta siku moja umegeuzwa dhidi yake.

Liko na jambo jingine, pengine zito zaidi kwa wapenda sanaa. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Kimarekani Arlie Hochschild alichapisha kitabu juu ya wafanyakazi ambao sehemu ya kazi yao ni kuonesha hisia, akiwachunguza hasa wahudumu wa ndege. Alionesha kwamba mwajiri hanunui mikono na saa za mtu tu, bali hununua pia tabasamu lake, na kwamba mfanyakazi ama hulivaa tabasamu juu juu, ama hujilazimisha kulihisi kwa dhati. Katika duka la ala mwajiri hana haja hata ya kulilazimisha. Hisia ipo tayari. Mwombaji ameingia nayo mlangoni. Kinachotakiwa ni kuikodisha. Anayesema "sikiliza utamu wa sauti hii" mara ishirini kwa siku, na mara kumi na mbili kati ya hizo si kweli, ataifikisha nyumbani jioni hali gani ile sikio iliyompeleka dukani? Mshairi anayetunga sifa za kukodiwa anaijua hatari hii: siku akitaka kusifu kwa moyo, maneno yote amekwisha yatumia.

Hata hivyo ingekuwa dhulma kumtwika mwenye duka lawama zote. Duka lina deni, mishahara na pango. Mapenzi ya muziki hayakuiokoa Tower Records: mzigo wa madeni, bei za chini za washindani na muziki wa kwenye intaneti viliiangusha, na maduka yake ya Marekani yakafungwa mwaka 2006. Guitar Center, iliyoanza Hollywood mwaka 1959 kwa kuuza ogani, nayo iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Novemba 2020. Anayesema kwamba biashara iishi kwa upendo mtupu hajawahi kulipa pango.

Basi pabakie nini? Pabakie swali moja ambalo laweza kuulizwa katika usaili, nalo ni hili: ni lini utamwambia mteja asinunue? Mpenzi wa muziki na muuza viatu wote wawili wanaweza kulijibu, na jibu lao litaonesha kama wanajua kwamba sikio waliloazimwa na mgeni ni amana. Lakini swali hilo lina masharti. Duka linalouliza hivyo asubuhi, kisha mwisho wa mwezi likampunguzia mapato yule aliyejibu kwa matendo, limeuliza kwa mzaha. Uaminifu hupimwa katika usaili kana kwamba ni mali ya mwombaji peke yake, ilhali bei ya uaminifu huo hupangwa na aliyekaa upande wa pili wa meza.

Methali ya wahenga haikukosea. Kizuri chajiuza kwa mwenye kukijua. Kwa asiyekijua, kizuri na kibaya vyote viwili hutembezwa, na anayevitembeza ni mtu mwenye njaa, mwenye sikio, na mwenye ulimi. Mzazi aliyesimama dukani na mtoto wake hana njia ya kumtambua aliyepewa nafasi ya kusema kweli na yule aliyenyimwa. Atalipa, atalibeba gitaa, na miaka mitatu baadaye mtoto ndiye atakayejua.