Jumanne: Luka Aliwauliza Walioona

Soma Luka 1:1-4. Luka alizipataje habari alizoziandika?

Sabato moja, chini ya milima ya Uluguru, kijana anayesoma chuo mjini Morogoro aliuliza darasani: "Luka hakuwapo Bethlehemu. Alijuaje?" Mwalimu wa darasa aliogopa swali hilo litaleta mashaka, akataka kuendelea na fungu linalofuata. Bibi mmoja wa Mgeta, aliyejifunza kusoma akiwa tayari na wajukuu, akamwomba asubiri.

"Mjukuu wangu," alisema, "shamba la ukoo likigombewa, tunawaendea wazee walioona mpaka ukiwekwa. Luka naye aliwaendea."

Ndivyo Luka mwenyewe anavyoeleza. Hadai kwamba aliyaona. Anawataja waliotangulia kuandika, anawataja mashahidi, kisha asema aliyatafuta yote kwa usahihi. Roho Mtakatifu hakumwondolea kazi ya kuuliza. Wafasiri nao hawakuondolewa: Edward Steere, akiwa Zanzibar, aliwauliza wenyeji maneno yao, na Agano Jipya la Kiswahili likatoka mwaka 1879, Biblia nzima ilifuata baadaye. Hata Paulo, akingoja kifo, bado aliagiza vitabu (2 Timotheo 4:13).

Sabato iliyofuata mwalimu yule alikuja na swali lake mwenyewe, ambalo alikuwa amelificha tangu abatizwe: kwa nini Injili ni nne? Darasa lilichelewa kutoka.

Ni swali gani kuhusu Biblia umelifunika kwa miaka mingi? Ni nani katika darasa lako ungeweza kumwuliza?