Rubani Aliyehesabu Nyumbu

Michael Grzimek alikuwa mpiga filamu aliyejifunza urubani. Mwaka 1956 yeye na baba yake Bernhard, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani, walitoa filamu kuhusu wanyama wa Afrika. Mapato yake walitaka yanunue ardhi ya kuongezea Hifadhi ya Serengeti. Wakashauriwa wafanye jambo la maana zaidi: wawahesabu wanyama, ijulikane wanapita wapi, kwani serikali ya kikoloni ilikuwa mbioni kuchora mipaka upya.

Desemba 1957 wakaondoka Frankfurt na ndege ndogo aina ya Dornier, wameipaka milia ya pundamilia. Mwezi uliofuata wakaigawa nyika vipande vipande, wakawa wanapita chini chini, kwenda na kurudi, kama mtu anayepalilia matuta. Walipata wanyama wakubwa wapatao 367,000. Leo tunajua kwamba wengi waliwapita. Hata hivyo, kabla yao watu walikuwa wakikisia tu.

Mtu aliye angani huona njia nzima ya nyumbu, jambo ambalo aliyeko ardhini hawezi. Lakini kila akipanda juu, kuna kingine kinachopungua machoni pake. Huko magharibi na kaskazini mwa nyika, ambako leo ni wilaya za Serengeti na Tarime, waliishi Waikoma, Wanata na Wakuria, wakilima, wakichunga, wakiwinda. Mwindaji wa Ikoma naye alikuwa na mwenziwe wa kumtazamia juu: tumbusi. Ndege huyo hajichoshi kwa kupiga mabawa. Husubiri jua lipashe ardhi, hewa ya moto ipande naye, azunguke taratibu akitafuta mzoga. Akianza kushuka, mwindaji anajua pa kwenda.

Tarehe 10 Januari 1959 ndege ya Michael iligongana na tumbusi, ikaanguka upande wa Ngorongoro. Alikuwa na miaka 24. Akazikwa huko huko, ukingoni mwa kreta. Filamu ya pili, waliyokuwa wakiitengeneza kuhusu Serengeti, ikamaliziwa na baba yake. Aliyesaidia kupiga picha alikuwa Alan Root, kijana aliyekulia Kenya, ambaye baadaye naye akawa rubani na mtengeneza filamu mashuhuri. Mwaka 1960 filamu hiyo, *Serengeti darf nicht sterben* (Serengeti isife), ilipata tuzo ya Oscar.

Ni rahisi kusema kwamba tuzo ndiyo iliyoyapa maisha yale mafupi maana. Mimi sikubali. Alichokipigania Michael ni mipaka ifuate nyumbu, na hilo lilishindikana: mwaka huo huo wa 1959 Ngorongoro ilitengwa na hifadhi, na Wamasai wakahamishwa kutoka Serengeti. Kilichosalia kwake ni picha, nayo picha ikishatoka mikononi mwa aliyeipiga haimsikilizi tena. Dunia iliipokea Serengeti kama nchi isiyo na wenyewe, nao akina Grzimek waliamini kwamba mtu, hata mzaliwa wa pale, asikae ndani ya hifadhi. Anayepiga picha huamua nini kiingie na nini kibaki nje. Mchora mpaka hufanya vivyo hivyo, ila wake una askari.

Waulizeni watu wa Kegonga huko Tarime. Ng'ombe akivuka bikoni, yaani alama za mpaka wa hifadhi, hukamatwa, mwenyewe akatozwa faini. Tembo akivuka kuja upande wa Robanda, akamaliza mahindi usiku mmoja huku watu wakipiga madebe na kumulika tochi, mwenye shamba hujaza fomu na kungojea kifuta jasho. Sisemi haya kumlaumu kijana aliyekufa akifanya kazi aliyoipenda. Bila kelele za filamu ile huenda nyika hizi zingekuwa na sura nyingine kabisa, na ajira za utalii ambazo vijana wa Mugumu wanazigombea leo pengine zisingekuwepo. Nasema tu kwamba maana ya maisha ya mtu huendelea kuandikwa na watu ambao hakuwahi kuwaona, wengine wakiwa na hasara mkononi.

Na kuna jambo ambalo kamera ile isingeweza kulinasa. Nyumbu wa Serengeti leo ni zaidi ya milioni moja. Kilichowazidisha zaidi ya yote ni kutoweka kwa sotoka, ugonjwa ulioua ndama wa nyumbu kwa miongo mingi. Sotoka haikufukuzwa na bikoni wala na askari. Ng'ombe wa wafugaji wa pembezoni walichanjwa, ugonjwa ukakosa pa kujificha, na ndama wa nyumbu wakaanza kukua. Rubani aliyewatafuta nyumbu kwa moyo wake wote alifariki kabla ya kuona kilichoanzia kwa ng'ombe wale.