Waliponyang'anywa Mali Zao

Somo: Waebrania 10:32-36



Katika somo hili Wakristo wanakumbushwa siku walipotukanwa, wakawaonea huruma waliofungwa, na mali zao zikaporwa. Walistahimili kwa sababu walijua wanayo mali nyingine isiyoweza kuporwa. Sisi wa Mbeya na Iringa tusiyasome maneno hayo kama habari za nchi za mbali. Nchi yetu imeyaona.

Tuanze na Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu aliwapeleka huko watumwa waliokombolewa. Wakajenga nyumba, wakalima, wakasali. Mwaka 1882 Wangoni waliwavamia. Wako waliouawa, wako waliotekwa, mali ikachukuliwa. Kijiji kilichojengwa kiwe kimbilio la waliotoka utumwani kikalia tena. Wakajenga upya. Vita vya Maji Maji vilipoanza Umatumbi Julai 1905, Masasi ikaporwa mara nyingine na majengo ya misheni yakateketezwa. Tarehe 14 Agosti ndugu zetu Wakatoliki walimpoteza Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne. Septemba moto ukafika Ubena: watu wa Mtwa Mbeyela wakakishambulia kituo cha misheni ya Berlin huko Yakobi, karibu na Njombe, alipokuwa mmisionari Paul Gröschel. Kituo kilitetewa kwa bunduki. Na walioanguka mbele ya bunduki hizo walikuwa Wabena, watu wale wale ambao Injili ililetwa kwa ajili yao.

Hapo ndipo penye uchungu, ndugu. Tunawaheshimu walioteswa, wala hatusemi kwamba uporaji ni haki. Lakini tusiwafanye waliowashambulia kuwa wanyama. Walikuwa wamechoshwa na kodi, kazi za shuruti, viboko na mashamba ya pamba ya serikali ya Kijerumani. Wengi hawakuona tofauti kati ya msalaba na bendera, na si kila mmisionari aliyewasaidia kuiona.

Kisha kisasi kikaja. Majeshi ya serikali yalichoma vijiji, mashamba na maghala. Wako wanahistoria wanaokadiria kwamba walikufa watu 250,000 au zaidi, wengi wao kwa njaa. Njaa ile haikumwuliza mtu kama amebatizwa.

Wanafunzi Yakobo na Yohana walitaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria kilichokataa kumpokea Bwana (Luka 9:51-56). Bwana aliwageukia akawakemea wao, si Wasamaria. Moto ule tungali tunautaka. Ukelele wa "Mwizi!" unapopigwa sokoni au mtaani, mawe huokotwa upesi, na tairi na kiberiti hupatikana. Je, hakuna mkono wa Mkristo uliopokea Sakramenti asubuhi ile? Aliyeibiwa kuku, baiskeli au mazao ya mwaka mzima ana haki ya kulia. Amshtaki mwizi, atoe ushahidi, adai kurudishiwa. Zakayo mwenyewe alirudisha mara nne. Kusamehe si kuufumbia macho uovu. Lakini kuua kwa ajili ya mali ni kukiri kwamba hatuna ile mali nyingine iliyo bora.

Leo wajukuu wa waliochoma na wajukuu wa waliochomewa hupiga magoti pamoja mbele ya meza moja ya Bwana. Jambo hilo halikuletwa na bunduki wala na njaa. Lililetwa na watu waliorudi penye majivu, wakajenga tena, wakafundisha watoto wa waliowaudhi.

Basi Jumapili hii, tunapowaombea walioibiwa kati yetu, tumwombee na mwizi.

Tuombe: Ee Bwana, uliyesulubiwa kati ya wanyang'anyi wawili na kumfungulia mmoja wao Paradiso, utuondolee moyo wa kisasi, uwafariji waliopoteza, uwageuze waliopora, utufikishe sote penye hazina isiyoibwa. Amina.