Tulisikia yowe, tukanyamaza

Ndugu Waislamu, kijana anatoka kuswali Isha, anakabwa uchochoroni, simu na fedha zinachukuliwa. Anapiga yowe, hakuna mlango unaofunguliwa. Asubuhi jirani anamwambia: "Tulikusikia." Tangu siku hiyo kijana yule hasalimii mtu, na kila anayetembea nyuma yake anamwona mwizi. Nasi tunalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawamwamini mtu!

Tujiulize, nani kaivunja imani yake? Kibaka kachukua simu. Imani tumeichukua sisi tuliosikia tukanyamaza.

Tumtazame Nabii Yusuf (AS). Ndugu zake walimtumbukiza kisimani angali mdogo, akauzwa kwa thamani duni, kisha akasingiziwa na kufungwa. Mfalme alipomwita atoke gerezani, hakukimbilia mlangoni. Alitaka kwanza jambo lake lichunguzwe, na wale wanawake wakakiri kuwa hana kosa (12:50-51). Haki iliposimama ndipo akaomba akabidhiwe hazina za nchi, na baadaye akawasamehe nduguze.

Sisi tunaanza na msamaha. Mwizi akijulikana kuwa ni mtoto wa fulani, wazee wanakaa kikao, kijana anaambiwa: "Samehe, yaishe." Hakuna aliyemuuliza yaliyomkuta. Hapo anajifunza kuwa mtaa una wenyewe, na yeye si mmoja wao.

Ni kweli, Allah (SW) ametukataza kukithirisha dhana mbaya (49:12). Aliyeibiwa na mmoja asiwahukumu wote. Lakini tahadhari si dhambi. Nabii Yaqub (AS), aliyekwishampoteza Yusuf mikononi mwa wanawe, hakuwapa mdogo wake Yusuf mpaka walipomwapia kwa Allah kwamba watamrudisha (12:66). Aliamini tena, lakini kwa ahadi.

Basi na sisi tuwape vijana wetu ahadi, tena tuitimize. Yowe likipigwa, tutoke. Tutoke kuokoa, si kuua, kwani kumchoma moto kibaka ni dhulma nyingine. Tumsindikize aliyeibiwa kituo cha polisi. Tutoe ushahidi wa kweli hata kama utawagusa wazazi na jamaa zetu, kama tulivyoamrishwa (4:135). Na baada ya swala tumuulize: "Mwanangu, umeamkaje?"

Kijana aliyeona milango ikifunguka kwa ajili yake, kesho atafungua wake.

Tunamuomba Allah (SW) atujaalie tuwe wenye kuaminika. Amin.