MOYO WAKO UNA UZITO GANI?

Maandiko: Mithali 21:2, Kutoka 7:14, 1 Yohana 1:9 na 3:19–20

Tukisikia Misri, wengi wetu tunakumbuka Farao, mapigo kumi na Bahari ya Shamu, basi. Lakini Matendo 7:22 inatuambia Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri. Hebu leo tuangalie jambo moja ambalo watu wale waliliamini, kwa sababu linatugusa hata sisi tunaoketi kanisani.

Wamisri wa kale waliamini kwamba mtu akifa, moyo wake unapimwa kwenye mizani mbele ya Osiris. Upande mmoja moyo, upande wa pili unyoya wa Maat, yaani ukweli na haki. Anubis anasimamia mizani, Thoth anaandika matokeo. Kando anangoja Ammit, mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na nyuma ya kiboko. Moyo ukilemea, anaumeza, na mwenyewe amekwisha kabisa. Ndiyo maana walipokausha maiti waliutoa ubongo, lakini moyo wakauacha kifuani.

Sasa, kwamba moyo hupimwa, hapo hawakukosea. Mithali inasema Mungu ndiye anayeipima mioyo. Shida ni dawa waliyotafuta.

Kwanza, marehemu alitakiwa kukana mbele ya waamuzi 42: sikuiba, sikuua, sikuchezea mizani. Pili, wenye uwezo walizikwa na jiwe lililochongwa kwa umbo la mdudu, limeandikwa maneno ya kuusihi moyo usimshuhudie vibaya mwenyewe. Fikiria hapo! Mtu anaogopa moyo wake kuliko adui. Tatu, ikawa biashara. Waandishi walitayarisha magombo ya maneno ya kumvusha marehemu, wakaacha nafasi tupu ya jina. Gombo la Ani, lenye zaidi ya miaka 3,200, liko British Museum kule London, na sehemu zake ziliandikwa kabla jina lake halijajazwa. Mimi nimesomea biashara, fomu kama hiyo naijua. Imeshasema huna kosa hata kabla haijajua wewe ni nani.

Tusiwacheke. Kabla ya kuingia kwenye huduma nilifanya kazi ya manunuzi katika ofisi fulani. Siku moja niliweka sahihi kwenye risiti ya bei iliyoongezwa, nikapewa shilingi 12,000. Jumapili nikatoa zaka, 1,200 kamili, nikaimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Ile bahasha ndiyo ilikuwa jiwe langu la kifuani. Nilikuwa nauambia moyo, nyamaza.

Haukunyamaza. Baada ya miezi minne ya kugeukageuka kitandani, nilienda kwa mkubwa wangu nikasema, nikarudisha pesa kwa awamu tatu. Mkataba wangu haukuongezwa. Kodi ya nyumba ilinishinda, nikarudi kwa wazazi nikiwa na digrii yangu. Lakini usiku ule wa kwanza nililala hadi asubuhi.

Wapendwa, tofauti ni hii: wao walitafuta kupona kwa kukana, sisi tunapona kwa kukiri. Wao walisema sikufanya. Sisi tunasema Bwana, nilifanya, na damu ya Yesu inatusafisha. Yohana anasema hata moyo wetu ukituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko moyo huo, naye anajua yote. Huhitaji kuufunga mdomo.

Tena ona ajabu hii. Katika nchi ile iliyoogopa moyo mzito, Kutoka 7:14 inasema moyo wa Farao ulikuwa mzito. Na kila pigo lilipopungua aliuongeza uzito tena. Kila tunaposema "nitatubu baadaye", tunafanya vivyo hivyo.

Wiki hii jiulize: ni sadaka gani, huduma gani, au "Bwana asifiwe" gani ninayotumia kuunyamazisha moyo wangu? Na kuna mtu gani ninayepaswa kumwendea kabla ya Jumapili?

Tuombe: Baba, tumechoka kubeba. Tupe ujasiri wa kusema "nilifanya", na neema ya kurudisha tulichochukua. Katika jina la Yesu, Amina.