Aliyejenga, Alimjengea Nani?

Somo: Kutoka 31:1-5 na Zaburi 127

Mkitoka ibadani leo wengi wenu mtapitia Kibuye, maana Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko lile. Mnajua mvua ya ziwa ikianza pale mambo huwaje. Turubai zinavutwa mbio, nyanya zinafunikwa, mitumba inakusanywa, na kina mama wanasimama kwenye matope wakingoja ipite. Sisi wapita njia tunasema "pole mama," tunaenda zetu.

Kule Dar es Salaam palikuwa na mtu ambaye hakuishia kusema pole. Aliitwa Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kusomea uchoraji wa majengo. Alisomea Israeli, katika chuo cha Technion mjini Haifa, akarudi nyumbani, na mwaka 1969 akafungua ofisi yake mwenyewe. Ndiye aliyechora soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975. Jina hilo ni ndugu ya Kariokor yetu ya Nairobi. Yote mawili yanawakumbuka wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Hebu tazama alichofanya. Paa la soko lile ni kama miavuli mikubwa ya zege iliyosimama pamoja, kila mmoja juu ya nguzo yake. Jua linazuiwa, upepo unapita, na maji ya mvua yanateremka kwenda kwenye tangi lililo chini ya ardhi. Ile mvua inayomfukuza muuzaji hapa kwetu, kule ikawekwa akiba. Na ni jengo la kupendeza! Amuli hakuona kwamba muuza mchicha anatosheka na kibanda chochote tu.

Amuli aliaga dunia mwaka 2016. Julai 2021 soko lile likashika moto, na baadaye kazi ya kulikarabati ikaanza. Kumbe hata zege linaweza kuungua. Sasa tujiulize: mjenzi akishaondoka, tumkumbuke kwa nini? Kwa ukubwa wa kuta? Mimi nasema tumkumbuke kwa wale aliowawaza wakati anachora. Wako kina mama waliouza pale miaka mingi wakiwa wakavu, bila kulijua jina lake. Hao ndio ushahidi wake.

Lakini kuna swali gumu zaidi, na tusilikimbie. Je, kazi nzuri inaweza kulipia nyumba iliyoachwa?

Marekani alikuwako mchoraji majengo maarufu sana, Louis Kahn. Alichora jengo la bunge la Bangladesh kule Dhaka, na watu huvuka bahari kwenda kuliona. Alifariki mwaka 1974 ndani ya stesheni ya treni New York, akiwa njiani kutoka India. Alikuwa na watoto kwa wanawake watatu. Tanzia ya gazeti ikamtaja mke wa ndoa na binti mmoja, basi. Mwanawe Nathaniel, aliyekuwa na miaka 11, alilitafuta jina lake pale asilione. Alipokuwa mtu mzima alizunguka dunia akitazama majengo ya baba yake, akatengeneza filamu iliyotoka mwaka 2003. Alikuwa anamtafuta baba ndani ya kuta.

Si jambo la Marekani peke yake, jamani. Ni mazishi mangapi huku kwetu, wasifu umesomwa vizuri, kazi zimehesabiwa, halafu mtoto asiyejulikana anasimama kando ya kaburi na kusema, "Huyu pia alikuwa baba yangu"?

Mtu atasema, "Lakini taifa zima linalitumia lile bunge. Huzuni ya mtoto mmoja ni kitu gani?" Jibu langu ni hili. Bunge lingeweza kuchorwa na mtu mwingine, hata kama lisingependeza vile. Nathaniel hakuwa na baba mwingine. Kuna kazi ambayo ukiiacha, anakuja mwenzako anaishika, lakini kazi ya baba haina mtu wa zamu.

Wengine nao wanakosea upande wa pili. Wanapunguza simiti na vyuma, wakisema wanatafutia watoto wao. Mnakumbuka Aprili 2016, jengo la Huruma, Nairobi, lilipoanguka usiku wa mvua na kuua watu zaidi ya 40. Waliolala mle walikuwa watoto wa watu. Upendo unaoishia kwenye mlango wako mwenyewe haujawa upendo bado.

Kwa hiyo hizi si hesabu mbili, moja ya kazi na moja ya nyumbani. Tusome lile andiko la Kutoka. Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu, na tazama alijazwa kwa kazi gani: kuchonga, kufua dhahabu, kubuni mambo mazuri. Tusidharau ufundi basi, ati ni mambo ya dunia. Lakini andiko hilohilo linamtaja baba yake, babu yake na kabila lake. Kipawa na ukoo vimetajwa pamoja. Na Zaburi ya 127 inaanza na wajenzi wa nyumba, inamalizia na watoto. Ni wimbo mmoja.

Hata wazee wetu waliliona. Nenda pale makumbusho ya Kisumu uitazame Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa lionekane lilivyokuwa. Mwanaume hakwenda peke yake kuanzisha dala. Alikwenda na mke na mtoto wake wa kwanza, wakiwa na moto, shoka na jogoo. Najua sisi wa kanisani tuna maoni tofauti kuhusu mila hizi, na simwambii mtu azirudie. Nataka tuone jambo moja tu: kabla ukuta haujasimama, watu wa boma walikuwa tayari wamesimama pale. Dala ilianza na watu.

Wewe fundi, mwalimu, dereva, mama wa biashara, wiki hii jiulize mambo mawili. Kazi ninayoifanya, ningekubali mtoto wangu alale chini yake? Na huyo mtoto, jioni hii ananijua kwa sura, au ananijua kwa pesa za simu tu? Ukishajibu, usingoje wasifu usomwe. Leo baada ya Kibuye, fika nyumbani mapema.