Sitara Inayouzwa kwa Mwezi



Ndugu zangu wa Kiwengwa, tukizungumzia uchi tumezoea kunyoosha kidole ufukweni, kwa wageni wa mahotelini. Leo tutazame simu iliyomo mfukoni mwa kanzu. Mtandao wa OnlyFans ulianzishwa London mwaka 2016. Mtu hujisajili, akaweka kadi yake, na kila mwezi akakatwa pesa ili aone picha na video za mtu fulani, nyingi zikiwa za utupu. Kampuni hubaki na asilimia 20 ya anacholipwa mwenye picha, na yenyewe haivui hata kofia.

Tukisikia habari hizi, wa kwanza kulaumiwa ni binti. Lakini Sura An-Nur, aya ya 30, imeanza na wanaume: wainamishe macho na wahifadhi tupu zao. Wanawake wamefuata aya ya 31. Soko hili halisimami hata siku moja bila ya mnunuzi, na huenda mnunuzi huyo ana mke, anaswali safu ya mbele, na nyumbani kwake pesa ya unga inaombwa mara tatu ndipo itoke. Aya ya 33 ya sura hiyo hiyo inakataza kuwalazimisha vijakazi uchafu kwa kutafuta pato la dunia. Basi na yule anayejiita meneja, anayemtia binti wa watu tamaa afungue akaunti kisha wagawane, ajipime kwa aya hiyo.

Nawe kijana, wa kike au wa kiume, uliyeambiwa kuwa wataona waliolipa tu: aliyelipa ana simu, na simu hunasa kilichomo kwenye kioo. Picha ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kufunga akaunti hakuirudishi. Baadaye hutokea mtu usiyemjua, anataka pesa, la sivyo ataipeleka kwa baba yako. Ukimpa leo, kesho atarudi. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, imeweka kwa anayechapisha ponografia faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili.

Katika hadithi ya Abu Huraira, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametaja kuwa umma wake wote umo katika msamaha, ila wanaodhihirisha madhambi: mtu hutenda usiku, Mola akamsitiri, kukicha akajifunua mwenyewe. Anayeuza picha zake anajifunua. Sisi tunaotumiana barazani tunamfunua mara ya pili, tena bure.

Basi mwenye usajili ausitishe leo, kabla ya Isha. Mwenye picha ya mtu aifute, asimuoneshe hata rafiki. Na mwana akija kukueleza yaliyomfika, usimpige wala usimfukuze. Msikilize, msitiri, na anayemtisha mpelekeni polisi.

Wabillahi tawfiq.